Mbiu, Mondo na Sakiti: Historia ya Alama Mbili Kando ya Ziwa Mweru

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya Kiswahili kwa wanafunzi wa fani nyingine, tumezoea kuwapokea vijana wa sheria, wa uandishi wa habari na wa biashara. Wahandisi huja wachache. Muhula mmoja tulimpata mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa elektroniki, mwenyeji wa Kashikishi. Huo ni mji wa soko ulio katika Wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, nchini Zambia. Nyumbani kwao walizungumza Kibemba, shuleni alifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili alikiokota sokoni kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kongo.

Zoezi tulilompa lilikuwa jepesi: aeleze kwa Kiswahili kazi aliyoifanya maabara wiki ile. Alisimama akasema kwamba alikuwa ameunda sakiti ya kuhesabu. Kitufe kikibonyezwa mara moja, namba ilitakiwa iongezeke kwa moja. Lakini alipobonyeza mara moja, namba iliruka kutoka 0 hadi 3, na mara nyingine hadi 5. Alikagua nyaya zote, akabadilisha chipu, hali ikabaki ileile. Hatimaye alituambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, vitu hivi si vya kwetu. Sisi ni watu wa samaki."

Sentensi hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala hii. Tunakusudia kuipima kwa mizani ya historia. Je, ni kweli kwamba wazo lililo katika kiini cha sakiti za kidijitali ni geni kabisa kwenye ufuo wa Mweru? Tutajaribu kuonyesha kwamba nusu ya wazo hilo ilikuwapo huko kwa muda mrefu. Nusu ya pili haikuwapo. Lakini haikuwapo mahali pengine popote hadi karne ya 19 na ya 20. Kuzitenganisha nusu hizo mbili kuna faida kwa mwanafunzi, kwa kuwa kunamwonyesha ni jambo gani hasa ambalo hana budi kulisomea.

Ufuo na njia zake

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umepita ndani yake. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini karibu na mji wa Pweto, Kongo. Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la Luapula, ndiko kuliko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa mashariki. Wahenga wao walitoka magharibi, kwenye himaya ya Mwata Yamvo, wakajenga dola yao katika bonde hilo katika karne ya 18.

Dola hiyo ilikaa njia panda. Shaba ya Katanga, chumvi na pembe za ndovu zilipitia hapo. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika kwa Kazembe akitokea Tete, akitafuta njia ya kuunganisha pwani ya mashariki na ya magharibi, alifia hukohuko. Wafanyabiashara wawili waliotumwa kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika mwaka 1806, na mwaka 1811 wakatokea Tete, wakiwa wamevuka bara zima. David Livingstone aliliona ziwa mwezi Novemba mwaka 1867. Alipoingia katika mji wa Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa misafara ya pwani aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika.

Kwa misafara ya namna hiyo Kiswahili kilifika Mweru kabla ya shule za wamishonari. Na hakikuondoka. Ng'ambo ya ziwa, katika Katanga, Kiswahili ni lugha ya mawasiliano hadi leo. Aidha, mwezi Januari mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani Nchelenge kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na miongoni mwao wamo wasemaji wengi wa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anayekulia Nchelenge anaweza kuwa na lugha tatu kabla hajamaliza shule ya msingi.

Tumeitaja historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, ile shaba tutakutana nayo tena mbele. Pili, dola iliyokaa njia panda haiendeshwi bila njia ya kupeleka habari, na kupeleka habari ndiko kunakotuleta kwenye mada yetu.

Mbiu na mondo

Sisi Waswahili tuna msemo: la mgambo likilia, kuna jambo. Mbiu, yaani pembe ya nyati, ilipulizwa kuwaita watu wasikilize tangazo. Tuitazame mbiu hiyo kwa jicho la mhandisi. Ina hali mbili tu: imelia au haikulia. Ikilia, msikilizaji anajua kuna jambo. Ni jambo gani, hajui mpaka afike barazani. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mbiu imebeba biti moja, taarifa ndogo kuliko zote, ile inayochagua kati ya hali mbili.

Mondo ya Walunda inakwenda mbali zaidi. Hiyo ni ngoma isiyo na ngozi: gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Katika ngoma za aina hii, zilizoenea kote katika bonde la Kongo, midomo miwili ya mwanya hailingani kwa unene, hivyo mmoja hutoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Mlio wa mondo ni mzito na mtulivu, nao hufika mbali. Katika sherehe ya Mutomboko, inayofanyika Mwansabombwe kila mwaka mwezi wa Julai, mondo ni mojawapo ya ngoma zinazopigwa Mwata anapocheza. Kwa mondo hutamkwa pia majina ya sifa ya watawala. Majina hayo yalikusanywa na Jacques Chileya Chiwale, na kazi yake ikachapishwa na Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1962.

Msomaji anaweza kuuliza: mti unasemaje? Jibu limo katika isimu. Lugha za eneo hili, kama vile Kibemba, Kilunda na Kiluba, ni lugha za toni. Silabi hutamkwa kwa sauti ya juu au ya chini, na tofauti hiyo inaweza kubadili maana ya neno. Mpiga mondo huziacha konsonanti na irabu, akabakiza toni na mwendo wa maneno. Sentensi nzima hugeuka kuwa mfululizo wa juu na chini. Tukiandika juu kuwa 1 na chini kuwa 0, tutapata mstari ambao mwanafunzi wa elektroniki angeutambua mara moja.

Hapa hatuna budi kukiri jambo moja kuhusu Kiswahili. Lugha yetu haina toni za namna hiyo. Ina mkazo, nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mpiga ngoma akijaribu kutamka "kitabu", "samaki" na "mashua" kwa kufuata mkazo, maneno yote matatu yatatoka sawasawa: hafifu, nzito, hafifu. Ili ngoma iseme Kiswahili, wapigaji na wasikilizaji wangelazimika kukaa na kupatana orodha ya alama, kama walivyofanya waliobuni alama za Morse kwa ajili ya simu ya maandishi. Tofauti hii ni muhimu. Mondo hufuata sauti za lugha ambayo msikilizaji anaijua tayari; msimbo hutokana na mapatano. Sakiti za kidijitali zimejengwa juu ya mapatano.

Maji ya Mweru hadi Yakusu

Kuacha konsonanti na irabu kuna gharama yake. Maneno mengi hufanana kwa toni, na msikilizaji aliye mbali hawezi kuyatenganisha. Wapiga ngoma walilitatuaje tatizo hilo? Maelezo yanayojulikana zaidi yanatoka chini ya mkondo wa maji yaleyale. Maji yatokayo Mweru kwa Mto Luvua huungana na Lualaba huko Ankoro, hupita Kisangani, na mbele kidogo hupita Yakusu, katika nchi ya Walokele. Huko ndiko alikofanya kazi John Carrington, mmishonari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938. Alijifunza kupiga ngoma za wenyeji, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuhusu ngoma zinazosema.

Carrington alieleza kwamba katika lugha ya watu hao neno la mwezi na neno la kuku yana toni zilezile. Kwa sababu hiyo mpiga ngoma hasemi "mwezi" peke yake. Husema fungu zima la maneno lililozoeleka, kwamba ni mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Na kuku naye hupewa fungu lake, linalotaja mlio wake. Maneno hayo ya ziada hayaongezi habari mpya. Yanailinda habari iliyopo. Ujumbe huwa mrefu mara kadhaa kuliko maneno ya mdomo, lakini hufika salama.

Sasa tutazame tarehe. Mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Carrington, Claude Shannon wa Marekani alichapisha nadharia yake ya mawasiliano. Ndani yake alionyesha kwa hisabati kwamba ziada ya namna hiyo ndiyo kinga ya ujumbe dhidi ya kelele za njiani. Mwaka 1950 Richard Hamming, naye wa Marekani, alichapisha misimbo inayogundua na kusahihisha makosa kwa kuongeza biti chache za ulinzi. Carrington hakuwa akiwaandikia wahandisi, wala Hamming hakuwa akisikiliza ngoma. Hata hivyo tatizo lilikuwa moja, na dawa ilikuwa moja. Hii ndiyo nusu ya kwanza tuliyoitaja: kuigawa habari katika alama mbili zilizo wazi, na kuilinda kwa ziada. Watu wa bonde hili walikuwa nayo.

Nusu ya pili

Pamoja na hayo, tusijidanganye. Mondo haikuwa kompyuta. Mondo hupeleka habari, haitoi uamuzi. Anayeamua ni binadamu mwenye masikio. Hatua ya kuzifanya alama mbili zifikie uamuzi zenyewe ilipigwa mbali na Mweru, tena kwa ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni ya George Boole, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Cork, Ayalandi. Mwaka 1854 alichapisha kitabu kuhusu kanuni za fikra. Alionyesha kwamba kauli za kweli na za uongo zinaweza kuandikwa kama 1 na 0, na kwamba viunganishi vya lugha vinaweza kushughulikiwa kama alama za hesabu. Kwa takribani miaka 80 kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati.

Ngazi ya pili ni ya Shannon yuleyule. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili akionyesha kwamba rele, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme kama zile za mitambo ya simu, hufuata aljebra ya Boole. Katika miaka hiyohiyo Akira Nakashima wa Japani na Victor Shestakov wa Umoja wa Kisovieti walifikia wazo kama hilo. Swichi mbili zikiwekwa moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, taa huwaka pale tu zote mbili zinapowashwa: hiyo ni NA. Zikiwekwa sambamba, taa huwaka hata ikiwashwa moja: hiyo ni AU. Swichi inayokata umeme inapoamriwa ni SI. Kwa viunganishi hivyo vitatu, kauli yoyote ya Boole inaweza kugeuzwa kuwa waya.

Kwa mwalimu wa lugha hapa pana furaha ya pekee, kwa sababu Kiswahili kimejaliwa viunganishi vinavyofaa. Mbali na "na", "au" na "si", tuna "ama" ya kurudiwa. Anayesema "ama uende ama ubaki" hakubali vyote viwili. Anataka kimoja tu. Hilo ni lango la AMA, ambalo hutoa 1 pale tu viingizo vyake viwili vinapotofautiana. Tuna pia "wala". Anayesema "hakuna mafuta wala upepo" amekanusha vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Lango la WALA hutoa 1 pale tu viingizo vyote vilipo 0. Lango hilo si la kudharauliwa, kwani kwa malango ya WALA peke yake mtu anaweza kuunda malango mengine yote. Mantiki ya kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini mwaka 1969 ilijengwa kwa lango la aina hiyo tu.

Tuchukue mfano wa mashua itokayo Nchelenge kwenda Kisiwa cha Kilwa, kilicho ndani ya Ziwa Mweru. Kanuni yake iwe hivi: mashua iondoke iwapo nahodha yupo, NA kuna mafuta AU upepo wa tanga, NA dhoruba hakuna. Kuna viingizo vinne, na kila kimoja kina hali mbili, kwa hiyo jedwali la ukweli lina safu 16. Tukizipitia moja moja tutakuta kwamba mashua inaruhusiwa kuondoka katika safu 3 tu. Nahodha mzoefu haandiki jedwali, analo kichwani. Mhandisi hana budi kuliandika lote, kwa sababu sakiti haina busara ya kujaza safu iliyosahauliwa.

Kwa malango hayohayo hesabu nayo huwezekana. Ukijumlisha biti mbili, tarakimu ya jumla hutolewa na lango la AMA, na kinachobebwa hutolewa na lango la NA. Moja na moja huandikwa 10, yaani mbili. Na malango mawili ya WALA yakilishana matokeo yao hupata tabia mpya: hukumbuka biti ya mwisho waliyopewa. Sakiti ya kwanza ya kukumbuka namna hiyo, iliyotumia vali za redio, ilibuniwa na Waingereza William Eccles na Frank Jordan mwaka 1918. Mwanafunzi anayeyaelewa mambo hayo matatu, yaani kuamua, kujumlisha na kukumbuka, ameushika mwili mzima wa kompyuta, ingawa bado hajaujua ukubwa wake.

Shaba inarudi

Yaliyofuata ni historia ya kupunguza ukubwa. Transista ilionyeshwa katika maabara za Bell, Marekani, mwezi Desemba mwaka 1947. Mwaka 1958 Jack Kilby aliunganisha sehemu kadhaa za sakiti kwenye kipande kimoja, na mwaka 1959 Robert Noyce akabuni njia iliyorahisisha kazi hiyo kiwandani. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004 yenye transista zipatazo 2,300. Chipu ya M1 ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina transista bilioni 16.

Ndani ya chipu nyaya zilikuwa za alumini kwa miongo kadhaa. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza njia ya kutumia shaba mahali pake, kwa kuwa shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Hapa historia yetu inafanya mzunguko. Madini yaliyopita kwa Kazembe mabegani mwa wapagazi, na ambayo leo huchimbwa Katanga na katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, ni madini ya aina ileile inayounganisha transista hizo. Shaba hutoka ikiwa vipande vizito. Hurudi sokoni Kashikishi ikiwa ndani ya simu, imefungwa, na anayeinunua hajui kilichomo.

Elimu ya kuifungua simu hiyo ilichelewa kufika kwetu. Chuo Kikuu cha Zambia kilifunguliwa mwaka 1966, na Shule yake ya Uhandisi ikaanzishwa mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kuondolewa miaka mingi baadaye. Zambia nayo iliwahi kutangulia: mwaka 1994, kupitia kampuni ya Zamnet iliyozaliwa chuoni hapo, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuunganishwa na intaneti kikamilifu.

Makosa ya mwanafunzi

Turudi darasani. Kijana wetu alipomaliza maelezo yake, mwenzake wa sheria alinyosha mkono akamhoji kama shahidi mahakamani: "Una hakika kitufe kilibonyezwa mara moja?" Akajibu: "Kwa kidole changu, ndiyo." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Kwa chuma cha ndani, sijui."

Jibu hilo ndilo lililomfungulia njia. Kesho yake aliomba osiloskopu maabara, akauona mstari wa umeme ukitetemeka kila alipobonyeza. Vipande viwili vya chuma vinapogongana ndani ya kitufe hudunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Kidole hakihisi, lakini sakiti ina kasi ya kutosha kuuhesabu kila mdundo. Dawa yake inajulikana: ama sakiti ingoje milisekunde kadhaa hadi chuma kitulie, ama itumiwe swichi ya njia mbili pamoja na ile sakiti ya kukumbuka biti moja. Wiki iliyofuata alitueleza jambo lenyewe kwa mfano wake mwenyewe. Mondo ikipigwa mara moja, mti huendelea kutetemeka, lakini msikilizaji hahesabu mitetemo. Husubiri pigo lijalo. "Mwalimu," alisema, "sakiti yangu ilikuwa haijui kusikiliza."

Kosa la pili linalowapata wanafunzi wengi hufanana na hilo. Chipu za familia ya 7400, ambazo zimefundishia vizazi vya wahandisi, hutumia volti 5. Kiingizo kilicho chini ya volti 0.8 husomwa 0. Kilicho juu ya volti 2 husomwa 1. Kati ya hapo hakuna mapatano. Mwanafunzi akiacha kiingizo bila kukiunga popote, hudhani amekipa 0. Kumbe amekiacha bila amri, na katika chipu nyingi za siku hizi hali yake inaweza kuyumba huku na huko. Ngoma ambayo sauti yake ya juu na ya chini zimekaribiana mno nayo haisemi kitu.

Kwa anayeanza, uzoefu wa kijana huyu umetufundisha mpangilio unaofaa. Kwanza aandike kanuni kwa sentensi ya lugha anayoiwazia, iwe Kibemba au Kiswahili, kisha aigeuze kuwa jedwali la ukweli. Pili, achore malango. Programu ya Logisim inapatikana bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, jambo linalomfaa mwanafunzi aliye likizoni mbali na chuo. Tatu, aunge chipu halisi kwenye ubao wa majaribio, kwa sababu kuchora hakumwonyeshi kitufe kinachodunda. Nne ndipo aingie katika lugha za kuelezea sakiti kwa maandishi, kama VHDL, iliyosanifishwa mwaka 1987. Lugha hizo zina sarufi yake, na kosa la nukta mkato huzuia kazi yote. Atakayezirukia kabla ya hatua tatu za mwanzo ataandika sentensi zisizo na kosa la sarufi, ambazo yeye mwenyewe hajui zinasema nini.

Hatusemi mtihani uandikwe kwa Kiswahili kesho. Istilahi za Kiingereza mwanafunzi atazihitaji, na ni wajibu azijue. Tunachosema ni kwamba kuelewa na kutaja ni mambo mawili. Kijana wetu alikuwa amefaulu mitihani yote ya malango kwa Kiingereza, lakini hitilafu yake aliiona alipolazimika kuieleza kwa lugha ambayo hakuwa amekariri ndani yake jibu lolote. Na Kiswahili si mgeni katika kazi hii. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zilitolewa kwa jina la Jambo OpenOffice, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi huo.

Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu kijana wa Kashikishi. Kusema kwamba vitu hivi ni vya kwetu vyote kungekuwa ni kujipendekeza; Boole na Shannon hawakupita Mweru. Kusema kwamba si vya kwetu kabisa ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa kunamfanya mwanafunzi alione somo zima kuwa geni, ilhali kilicho kigeni kwake ni hatua moja: ile ya kutoka kupeleka alama hadi kuziachia alama ziamue. Hatua hiyo hujifunzwa kwa jedwali, kwa ubao wa majaribio na kwa makosa, kama alivyojifunza yeye.

Na hao watu wa samaki aliowataja wanastahili neno la mwisho. Chisense, samaki wadogo wa Mweru wanaofanana na dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa taa za mafuta. Siku hizi zimeingia taa za LED na betri, ambazo ni elimu ya nusu-kipitishi juu ya maji. Alipotuaga mwisho wa muhula, kijana alikuwa akichora sakiti ya kuizima taa ya namna hiyo kabla betri haijafa. Kanuni yake aliiandika juu ya karatasi kwa Kiswahili, na chini yake jedwali la safu 8.

Kwenye karatasi hiyo palikuwa na lango moja alilolitumia mara nne, lile linalotoa 0 pale tu viingizo vyote vilipo 1. Yeye aliliandika "SI-NA", na tulipolisoma kwa sauti darasa zima lilicheka, kwa maana lilisikika kama mtu anayelalamika kuwa hana kitu. WALA na AMA tumezipata ndani ya lugha yenyewe, hilo bado. Msomaji mwenye neno linalofaa tunaomba atuletee idarani.